Nilimwambia Nesi ni Mbili, Kumbe Ilikuwa Nane



Kijana mwenzangu, tarehe 14 Septemba Kanisa linaadhimisha Kutukuka kwa Msalaba, na kesho yake, tarehe 15, tunamkumbuka Bikira Maria Mama wa Mateso. Siku mbili mfululizo Mama Kanisa anatusimamisha chini ya msalaba. Kwa hiyo leo naomba tuongee kuhusu maumivu. Sizungumzii maumivu ya kuachwa na mchumba, hayo tutayapangia siku yake. Nazungumzia maumivu ya mwili: mshono baada ya operesheni, na kichwa kinachouma leo, kesho na mwezi ujao.

Masomo ya kutafakari: Mk 14:32-42, 2Kor 12:7-10, YbS 38:1-14. Chukua Biblia yako uyasome taratibu, kisha urudi hapa.

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana bila hilo nisingekuwa na cha kuandika.

Ushauri wa Kwaresima

Kwaresima iliyopita, Ijumaa moja baada ya Njia ya Msalaba, dada mmoja wa kwaya hapa Himo alinisubiri nje ya kanisa. Ni fundi cherehani, umri wake haupishani sana na wangu. Akaniambia, "Frateri, kichwa kinaniuma. Karibu kila siku tangu Krismasi. Naamka nacho, nalala nacho."

Nilikuwa na haraka, na tena nilikuwa na ile joto ya Kwaresima ya kutaka kila mtu awe mtakatifu kabla ya Pasaka. Nikamjibu, "Dada yangu, huo ndio msalaba wako. Mtolee Yesu kwa ajili ya roho za toharani. Usilalamike." Akasema, "Asante, Frateri," akashika njia yake kwenda nyumbani.

Sikumuuliza hata swali moja. Sikuuliza kinauma upande gani, anakunywa dawa gani, amewahi kupima presha au macho, analala saa ngapi. Hakuniambia tena habari za kichwa. Mimi nikadhani amepona. Kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo, na nimemfunga kwa jina la Yesu.

Zamu yangu

Mwezi Juni zamu ikanifikia. Usiku tumbo lilianza kuuma karibu na kitovu, asubuhi maumivu yakahamia chini upande wa kulia. Kufika hospitalini, daktari akabonyeza mara mbili tu, akasema ni kidole tumbo. Jioni ile ile nikafanyiwa upasuaji.

Ganzi ilipoisha usiku, nilihisi kama mtu ameweka kaa la moto chini ya ngozi. Nesi wa zamu, mama wa makamo, akaja na karatasi yake. "Frateri, pole. Kati ya sifuri na kumi, sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria. Uko wapi?"

Nikamwambia, "Mbili tu, mama."

Ilikuwa nane. Kama si tisa.

Kwa nini nilidanganya? Nilijiambia watakatifu walivumilia makubwa kuliko haya. Nilijiambia natoa sadaka. Lakini kiukweli kulikuwa na kitu kingine: wodi nzima ilishajua mimi ni frateri, na sikutaka yule mzee wa kitanda cha pili asikie frateri analia. Hiyo haikuwa sadaka. Yalikuwa majivuno yaliyovaa kanzu.

Asubuhi nesi akauliza tena. Mbili. Mchana, mbili. Sikutaka kukohoa kwa sababu mshono ulivuta. Sikutaka kuvuta pumzi ndefu. Waliponiambia niamke nitembee, nilitafuta visingizio. Siku ya tatu nikapandisha homa, kifua kikabana, nikaanza kukohoa makohozi. Daktari akanisikiliza mgongoni, akasema nimonia imeanza. Akanieleza kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo akiogopa kupumua vizuri na kukohoa, sehemu ya chini ya mapafu haifunguki sawasawa, makohozi yanatuama, na maambukizi yanapata nafasi.

Yule mama nesi alikuja kuniwekea dripu. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, nimekuuliza mara ngapi? Leo asubuhi umepokea Komunyo, na saa nne umenidanganya. Mimi siwezi kuyaona maumivu yako. Natibu kile unachoniambia."

Jamani, niligeukia ukutani.

Nililala wodini siku nne zaidi. Mama yangu aliacha shamba, akawa anakuja kila siku na mtori kwenye chupa ya chai. Bili ikaongezeka, na waliochangia ni wanajumuiya, watu ambao wengine wao wanauza ndizi sokoni ili wapate ada ya watoto. Mimi nilijiona natoa sadaka, lakini waliolipa ni wao.

Mgeni anayeficha kichwa

Kijana mmoja wa VIWAWA alikuja kunisalimia wodini. Kazi yake ni mgumu, anabeba mizigo ya wageni kupitia geti la Marangu. Nilipomsimulia, akacheka mpaka akaketi kitandani.

"Frateri, wewe ni kama mgeni anayeficha kichwa!"

Tunaoishi chini ya Mlima tunajua anachosema. Uhuru ni mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyembamba. Dalili kubwa ya mwanzo kwamba mwili umeshindwa kuzoea urefu ni kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula. Ndiyo maana waongozaji huwauliza wageni jioni: kichwa vipi, umekula, umelala? Mgeni anayesema ukweli anaweza kupumzika palepale alipo, au kushushwa mapema kwa miguu yake mwenyewe. Anayeficha kwa sababu amelipa pesa nyingi na anataka picha ya kileleni anaweza kuvimba ubongo au mapafu kujaa maji, na hapo anashushwa kwa machela, au asishuke akiwa hai.

"Sisi hatumwogopi anayelalamika," aliniambia. "Tunamwogopa anayesema yuko poa."

Nilisoma falsafa miaka mitatu, nikaandika kurasa nyingi kuhusu mateso. Hakuna ukurasa wangu uliosema vizuri kuliko hapo.

Maumivu ni nini hasa?

Wastoa wa kale, watu kama Epictetus, walifundisha kwamba mtu mwenye hekima hatikiswi na kinachoupata mwili wake. Kuna uzuri katika fundisho hilo. Lakini wengi wetu tumebatiza Ustoa bila kujua, tukauita Ukristo. Tunadhani Mkristo mzuri ni yule asiyesema "naumwa".

Tazama mwili wenyewe unavyofanya kazi. Daktari anapokata ngozi, sehemu iliyoumia inatoa kemikali zinazoamsha neva. Neva zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unapeleka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaotafsiri taarifa hiyo kuwa maumivu, na katika kutafsiri unachanganya vitu vingi: hofu uliyo nayo, usingizi uliokosa, kumbukumbu ya mara ya mwisho ulipoumia. Ndiyo maana watu wawili wenye mshono unaofanana wanaweza kuumia tofauti kabisa, na hakuna anayedanganya. Hakuna kipimo cha damu cha kupima maumivu. Chombo cha kupimia ni kinywa chako.

Tena kuna jambo ambalo sikulijua. Maumivu makali yakiachwa bila kutulizwa, neva zinaweza kuzoea kupiga kelele. Zinakuwa nyepesi kuamka, na wakati mwingine maumivu yanabaki miezi kadhaa hata baada ya kidonda kufunga. Kuvumilia kimya hakukukomazi. Kunaweza kuufundisha mwili wako kuumia zaidi.

Je, Yesu alinyamaza?

Sasa turudi kwenye Injili. Kule Getsemani Bwana wetu hakuwaambia wanafunzi wake kwamba yuko poa. Aliwaambia watatu kati yao jinsi roho yake ilivyojaa huzuni, akawaomba wakeshe naye. Kisha akamwomba Baba, tena mara tatu, kikombe kile kimwondokee. Baada ya kusema hayo yote ndipo akajikabidhi kwa mapenzi ya Baba. Msalabani alilia kwa sauti kuu, na alisema ana kiu. Mwana wa Mungu aliomba kinywaji mbele ya watu waliokuwa wanamdhihaki!

Paulo naye. Tunapenda kumnukuu kuhusu mwiba wa mwilini, kwamba neema inatosha. Tunaruka sehemu iliyotangulia: alimsihi Bwana mara tatu mwiba huo uondolewe. Kwanza aliomba. Kisha, uliposalia, akaubeba pamoja na Kristo.

Utaratibu huo ndio ninaotaka ukae nao leo. Kwanza sema. Kisha tibiwa. Na kile kitakachobaki baada ya kusema na kutibiwa, hicho ndicho mtolee Bwana kwa moyo wote. Mimi nilimpa yule dada hatua ya tatu nikamnyima mbili za kwanza.

Usidhani ni maoni ya frateri tu. Kitabu cha Yoshua bin Sira sura ya 38 kinatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kinasema dawa ametoa Bwana katika ardhi. Kinamwambia mgonjwa asali, na hapo hapo kinamwambia asimfukuze daktari. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII alijibu maswali ya madaktari wa ganzi, akafundisha kwamba Mkristo hana wajibu wa kutafuta maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba ni halali kutumia dawa za kuyatuliza. Mtu anaweza kwa hiari yake kuacha nafuu fulani kwa ajili ya upendo, lakini hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha mwenzake. Mimi nilimlazimisha mwenzangu.

Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye Septemba 1990 alifika mpaka hapa kwetu Moshi, aliyajua maumivu kwa mwili wake. Alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, akapasuliwa kwa saa kadhaa. Tarehe 11 Februari 1984 akatoa barua yake Salvifici Doloris, juu ya maana ya Kikristo ya mateso. Na unajua anakaribia kuifunga na nani? Na Msamaria Mwema. Anatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kutenda mema kwa mateso yetu, na kuwatendea mema wanaoteseka. Msamaria hakumwambia yule mtu aliyejeruhiwa atolee sadaka vidonda vyake. Alivimiminia mafuta na divai, akavifunga, akamlipia nyumba ya wageni.

Ukitoka kwenye operesheni

Mimi si daktari. Sehemu hii na inayofuata nilimwomba daktari mmoja mwanaparokia azisome kabla sijaziweka hapa. Hazichukui nafasi ya daktari wako, ila zitakusaidia kuongea naye.

Sema namba ya kweli. Ukiulizwa sifuri mpaka kumi, taja ile unayoihisi, na useme pia ukikohoa na ukitembea inakuwa ngapi.

Kunywa dawa kwa saa ulizopangiwa, usisubiri yapande. Wagumu wanasema ni rahisi kumgeuza mtu Mandara kuliko kumbeba kutoka Kibo. Maumivu nayo ni hivyo hivyo, ni rahisi kuyazuia yakiwa chini kuliko kuyashusha yakiwa juu.

Usishangae ukipewa dawa mbili tofauti. Paracetamol na dawa za jamii ya diclofenac zinafanya kazi kwa njia tofauti, na daktari akizipanga pamoja zinasaidiana. Ila mwambie mapema kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu au ujauzito.

Usiogope morfini kwa sababu ya maneno ya mtaani. Ikitolewa hospitalini kwa kipimo, kwa siku chache, kwa mtu mwenye maumivu makali, ni nadra sana imfanye mtu kuwa teja. Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na shahidi mkubwa, Dk. Anne Merriman, daktari Mkatoliki ambaye aliwahi kuwa mtawa. Mwaka 1993 alianzisha Hospice Africa Uganda pale Kampala. Aliona wagonjwa wa saratani wanakufa wakipiga kelele, akahangaika mpaka morfini ya maji, inayochanganywa kutoka kwenye unga kwa bei nafuu, ikawafikia maskini majumbani. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi wenye mafunzo maalumu kuiandika. Mama huyo alimwona Kristo kwa mtu anayeumwa, na akamletea dawa. Tofauti kabisa na hiyo ni tramadol ya kununua kwa kificho ili "upate stimu". Hiyo ni mtego, na vijana wenzetu wamenasa.

Shika mto tumboni, kohoa, vuta pumzi ndefu, amka utembee wanapokuambia. Na kama ulichomwa sindano ya ganzi mgongoni, kama wanavyochomwa kina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, halafu kichwa kikauma sana ukikaa au kusimama na kutulia ukilala, mwambie nesi. Kinajulikana na kina matibabu. Si pepo, na si kurogwa na wifi.

Rudi hospitali haraka ukiona homa, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana.

Kichwa kisichoisha

Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, madaktari wanakiita sugu. Hicho si cha kumalizia duka la dawa.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: dawa za kutuliza kichwa zikizidi zinaweza kuwa ndizo zinazokiumiza. Mtu anayemeza vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi kila mwezi, au vile vya mchanganyiko, kama vyenye kafeini, siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuingia kwenye mzunguko huo. Kichwa kinauma, anameza, kinatulia, dawa ikiisha mwilini kinarudi, anameza tena. Kutoka humo kunahitaji daktari, maana siku za mwanzo za kuacha huwa ngumu.

Angalia pia kipimo. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za paracetamol kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine wanahitaji chini ya hapo. Vidonge vingi vya mchanganyiko vina paracetamol ndani, kwa hiyo unaweza kuzidisha bila kujua. Ukichanganya na pombe nyingi, hata iwe mbege ya sherehe, ini linaumia.

Anza kuandika. Chukua daftari la kawaida, andika tarehe, saa kilipoanza, upande gani, ulikula nini, ulilala saa ngapi, ulimeza nini. Mpelekee daktari daftari hilo. Atapima presha, ataangalia macho, na ataamua kama unahitaji vipimo vingine.

Kuna vichwa visivyosubiri daftari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama kimekuja ghafla na kwa ukali usiowahi kuujua. Kama kuna homa na shingo kukaza. Kama upande mmoja wa mwili umelegea, ulimi umekuwa mzito, macho hayaoni vizuri au umeanguka kifafa. Kama uligonga kichwa kwenye ajali, na wenzangu wa bodaboda mnanielewa. Au kama wewe ni mjamzito na kichwa kinakuja pamoja na kuona ukungu au kuvimba.

Dawa tano za Mtakatifu Thomas

Wanaodhani wanateolojia wanaishi hewani wamsome Mtakatifu Thomas wa Akwino. Katika Summa Theologiae yake kuna swali zima, la 38 katika sehemu ya kwanza ya sehemu ya pili, juu ya dawa za huzuni na maumivu. Anataja tano: furaha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na ya tano ni kulala na kuoga. Ndiyo, kulala na kuoga! Mwalimu mkuu wa Kanisa anakwambia nenda kaoge maji ya moto ulale.

Mimi nimezijaribu. Usingizi wa saa za kueleweka na kuacha simu kumenipunguzia kichwa changu cha mitihani kuliko nilivyotarajia. Machozi niliyalia wodini, na sikupungukiwa wito. Marafiki ni yule mgumu aliyenicheka na mama aliyeleta mtori. Kuutafakari ukweli ni kukaa mbele ya Ekaristi nikijua kwamba Mwili ule ninaouabudu uliumia kweli.

Na tusisahau kwamba kuna sakramenti kwa ajili ya hali hii. Mpako wa Wagonjwa si "tiketi ya mwisho". Katekisimu inasema inafaa mtu aupokee kabla ya upasuaji mkubwa. Mwambie padre mapema. Pale Kilema, juu yetu kidogo, kuna kanisa la misheni na kuna hospitali ya jimbo. Kila ninapopita huko najiambia: Kanisa halikuniambia nichague mojawapo.

Nilirudi kwa yule dada

Nilipopona nilikwenda pale anaposhonea. Nilimkuta ameinamia cherehani, na pembeni ya uzi kuna pakiti ya vidonge. Nikamwambia, "Dada, mwezi wa tatu nilikupa ushauri mbaya. Naomba unisamehe. Sasa niambie habari za kichwa chako, leo sina haraka."

Akaniangalia muda. Halafu akazima cherehani, akaongea karibu saa nzima. Alikuwa anameza vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, kila siku, tangu Januari. Alikuwa hamwambii mama yake kwa sababu, maneno yake mwenyewe, "Frateri alisema nisilalamike."

Alikwenda hospitali na daftari. Macho yalihitaji miwani, na vidonge vilikuwa sehemu ya tatizo. Daktari alimpangia namna ya kuviacha. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, wenzake wa kwaya wakagawana zamu za kumpikia na kumalizia sare za shule alizokuwa amechukua oda. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Anataka mjue pia kwamba hajapona kabisa. Kichwa bado kinamjia siku tatu nne kwa mwezi.

Wiki iliyopita aliniambia, "Frateri, hizo siku nne sasa ndizo namtolea Yesu. Zile za mwanzo nilikuwa namtolea woga."

Sina cha kuongeza hapo.

Zoezi la wiki hii

Moja: kama una maumivu ambayo umeyaficha zaidi ya mwezi, mwambie mtu mmoja kabla ya Jumapili, na upange siku ya kwenda hospitali. Mbili: kama kuna mtu kwenye jumuiya yenu ametoka kufanyiwa operesheni, nenda. Usiende na mahubiri. Nenda na mtori, fagia uwanja, muulize namba yake kati ya sifuri na kumi, kisha mwamini.

Tusali.

Ee Bwana Yesu, wewe ulimwambia Baba ukweli wote pale bustanini. Tufundishe kusema tunapoumia. Wabariki madaktari na wauguzi wanaokesha kwa ajili yetu. Utusamehe sisi tuliowanyamazisha wenzetu kwa jina lako. Na yale maumivu yatakayobaki baada ya dawa zote, yapokee, uyaunganishe na yako, yawafae wengine. Mama wa Mateso, uliyesimama chini ya msalaba bila kumwambia Mwanao anyamaze, simama nasi. Amina.

Frateri wenu, Himo.